Gari Lililogoma Kuzima

Injini iliwaka.

Ndiyo. Wewe uliyekaa juma zima ukiomba isiwake, pole sana. Mkaguzi alizungusha ufunguo mara moja tu, na lile gari jekundu la viti viwili likanguruma kwa afya tele, mabati ya karakana yakatetemeka. Spana akafumba macho.

Fundi gani duniani anaomba gari lisiwake? Huyu. Kwa sababu gari likiwa zima, mumewe ni mwongo. Na mumewe akiwa mwongo, leo analala mahabusu kwa kosa la kujaribu kuua.

Tukumbushane haraka, kwa faida ya wale walioazima gazeti la jirani wakanyang'anywa kabla hawajamaliza. Mshale, mume wa Spana, alikuwa anaongoza mashindano ya magari pale gari lake lilipozima ghafla katikati ya kona kali. Nyuma yake Radi alikuwa anakuja kwa kasi ya kutisha. Radi akamkwepa, akauvaa ukuta. Sasa yuko hospitali na hajafumbua macho.

Na Radi si mtu baki. Ni mdogo wake Spana, kitinda mimba wa mama yao.

Mshale anasema gari lilizima lenyewe. Jukwaa zima linasema alilizima yeye, tena makusudi, kwa kuwa yeye na shemeji yake hawapikiki chungu kimoja tangu Mshale alipomwondoa Radi kwenye timu. Chama cha mashindano kikalitia gari lakiri na kumkabidhi Mkaguzi. Mkaguzi akakubali jambo moja tu: Spana atafute ugonjwa wa gari, lakini mbele ya macho yake. Ukipatikana, Mshale anakwenda nyumbani. Usipopatikana, anakwenda na Afande.

Afande mwenyewe alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, akinywa soda. Pembeni yake Mshale, mikono ndani ya pingu, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi.

"Gari zima," alisema Mkaguzi.

"Bado," Spana akasema. "Liache lipate moto kwanza."

"Fundi, nisikilize. Ulisema plagi, tukazitoa plagi. Ulisema koili, tukaipima koili, cheche zikaruka mpaka nikaogopa mimi. Ulisema pampu. Pampu inasukuma mafuta vizuri kuliko ya gari langu. Kila unapolinyooshea kidole, gari linakuumbua."

"Haliniumbui. Linaficha."

"Linaficha nini?" Sauti hiyo ilitoka kwenye kiti cha pembeni, na kila mtu pale karakana alikwisha kuizoea na kuichoka. Ni mama yake Spana. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, mkoba mapajani, midomo imekazwa. "Mwambie mumeo aseme ukweli, nikamuuguze mwanangu kwa amani."

"Mama, naapa kwa—" alianza Mshale.

"Usiniite mama. Mama yako yuko kwao."

Mshale akainamisha kichwa.  Ukiwa katikati ya mama na mume unakuwa huna pa kusimama, na Spana alikuwa hapo tangu alfajiri, bisibisi mkononi, bila kutia kitu tumboni.

"Mkaguzi," akasema, "naomba ulizungushe uwanjani mara nyingine. Kwa kasi. Kama siku ile."

"Nimekwisha kulizungusha."

"Mara nyingine moja. Nakuomba kama ndugu yako."

Mkaguzi akashusha pumzi, akazima injini, akashuka. Alikuwa mtu mgumu, lakini si mtu mbaya. Akafanya kile alichokuwa akikifanya kabla ya kila jaribio: akakata waya wa lakiri, akafungua kifuniko cha tanki, akainama, akanusa petroli. Akatikisa kichwa kwa kuridhika, akafunga, akatia lakiri nyingine.

Hayo ndiyo mazoea yake. Zamani fundi mmoja mjanja alimchanganyia mafuta na maji, akaaibika mbele ya chama kizima, na tangu siku hiyo Mkaguzi haendeshi gari la mashindano kabla hajalinusa tanki. Mafundi humcheka pembeni. Mbele yake hakuna anayethubutu.

Akapanda, akawasha, akatoka.

Gari likazunguka. Spana alisimama mlangoni mwa karakana akilisikiliza kwa mwili mzima. Likazunguka tena. Linapita mbele yao, sauti imenyooka, haina kasoro hata ya kusingizia.

"Zima," akanong'ona. "Zima, tafadhali. Zima, nitakufanyia chochote."

Likazidi kuzunguka. Halafu, lilipokuwa linarudi kuelekea karakana, likakohoa.

Spana akaruka. "Mmesikia? Limemisi! Jamani, limemisi!"

Mshale akasimama na pingu zake. Hata Afande aliiweka soda chini. Gari likaingia karakana likijivuta, likatetemeka, likakohoa tena, na Mkaguzi akazungusha ufunguo akalizima mwenyewe.

"Mbona umezima?" Spana alikaribia kulia. "Ungeliacha life lenyewe!"

"Huenda mafuta yamepungua. Siharibu injini ya watu." Mkaguzi alikuwa amekwisha kuufikia mgongo wa gari. Akakata lakiri. Akafungua kifuniko. Akamulika ndani. "Mafuta yapo. Nusu tanki." Akafunga, akarudi kwenye usukani, akawasha.

Injini ikawaka papo hapo. Sauti imenyooka. Kikohozi kimekwenda zake.

"Hebu niambie wewe," Mkaguzi akasema akifungua mikono. "Huo ni ugonjwa gani unaopona daktari akiingia tu chumbani?"

 Spana aliegemea ukuta, akakaa sakafuni palepale penye grisi.  Alikuwa amelifungua gari lote kwa macho na kwa mikono, na halikumpa kitu.

"Afande," akasema Mkaguzi kwa upole, "nadhani tumefika mwisho."

Afande akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Mke wangu," Mshale akaita. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usilie. Wewe unajua sikufanya. Hilo linanitosha."

"Halinitoshi mimi!" Spana akafoka.

"Ondokeni tu," akasema mama, akijikung'uta gauni lake. "Tumekaa hapa kutwa tunasikiliza makelele. Na hilo tanki nalo, kila mkilifungua linavuta kamasi. Nimechoka."

Afande akamshika Mshale mkono. Wakapiga hatua kuelekea mlangoni.

"Subirini," akasema Spana kutoka sakafuni.

Hakuna aliyesubiri.

"Nimesema subirini!" Akainuka. "Mama, umesema nini?"

"Nimesema nimechoka."

"Kabla ya hapo."

"Nimesema tanki linavuta kamasi. Akifungua kile kifuniko, linavuta. Fyooo. Hamsikii? Au oili imewaziba masikio wote?"

Mama huyu ni fundi cherehani. Maisha yake yote amekaa mbele ya mashine, na mashine ikibadili sauti kidogo tu, anajua sindano inakaribia kukatika. Wao walikuwa wanasikiliza injini. Yeye alikuwa anasikiliza kila kitu, kwa sababu kila kitu kilikuwa kinamkera.

Spana alimkimbilia Mkaguzi, akamshika mikono yote miwili, akamchafua grisi mpaka kwenye saa.

"Ni wewe!" akapiga kelele. "Ni wewe unayeliponya!"

"Fundi, pumzika kidogo."

"Nisikilize. Tanki likitoa mafuta, ni lazima liingize hewa. Chukua chupa ya maji, inyonye bila kuachia mdomo. Chupa inabonyea, maji yanagoma kutoka. Si ndiyo? Tanki hili lina kibomba chake cha kuingiza hewa. Kama kimeziba, gari linakwenda vizuri, linakwenda, linakwenda, halafu mafuta yanagoma. Linakufa. Na wewe kila mara unakuja, unafungua kifuniko, unanusa, hewa inaingia, fyooo, gari limepona! Siku ya ajali ulifanya nini lilipovutwa kuletwa hapa?"

Mkaguzi akakitazama kifuniko cha tanki.

"Ulifanya nini?"

"Nilinusa mafuta," akasema polepole.

"Halafu?"

"Halafu likawaka."

Mshale akaanza kucheka, kicheko kibaya chenye machozi ndani yake. Afande akamwachia mkono.

"Ni maneno matamu," akasema Afande. "Lakini maneno hayazimi gari."

"Basi tulizimishe," Spana akajibu. "Mkaguzi, nusa sasa hivi mpaka uridhike. Funga, tia lakiri. Endesha kama unafukuzwa. Na usifungue tena mpaka lifie njiani."

"Na lisipokufa?"

Spana akamtazama mumewe. Kuna maneno ambayo mtu hayapimi kabla ya kuyatoa, na akiyapima hayatoki kabisa.

"Lisipokufa, mchukueni. Sitasema tena neno."

"Mke wangu!" Mshale akashtuka.

"Nyamaza. Naliamini gari lako kuliko unavyoliamini wewe."

Mkaguzi akanusa. Akafunga. Akatia lakiri, akauvuta waya kuhakikisha umeshika. Alipofungua mlango wa dereva, alikuta mtu amesimama upande wa pili.

"Na mimi naingia," alisema mama.

"Mama!" Spana akashika kichwa. "Hilo si gari la kwendea sokoni."

"Nani kasema nakwenda sokoni? Nakwenda kumwangalia huyu bwana mikono na miguu. Nyinyi wa magari mnalindana. Atakuja hapa aniambie limezima, mimi nitajuaje? Likizima, nataka lizime mbele yangu. Na lisipozima, nataka niwe wa kwanza kuja kumwambia huyu," akamnyooshea Mshale kidole, "kwamba safari imewadia."

Hakuna aliyekuwa na ubavu wa kubishana naye. Wakamvalisha kofia ngumu juu ya kitambaa chake cha kichwa. Kiti kilikuwa chini sana, na yeye hakuwa mwembamba, kwa hiyo aliingia kwa awamu: kwanza mguu, halafu lawama, halafu mguu wa pili, mwisho mkoba. Wakamfunga mikanda. Akashika mkoba kifuani.

"Haya," akamwambia Mkaguzi. "Endesha, lakini usijifanye kijana."

Gari likatoka.

Spana, Mshale na Afande wakabaki mlangoni, na sasa hakukuwa na la kufanya ila kusikiliza. Gari likapita mara ya kwanza, kofia ya mama ikionekana kwa mbali imenyooka wima. Likapita tena. Sauti safi. Likapita tena, kwa kasi zaidi, na sauti bado safi.

"Linakwenda vizuri," alisema Afande.

"Najua linakwenda vizuri!"

Simu ya Spana ikalia. Ni shangazi yake, aliyeachwa hospitali kumwangalia Radi.

"Mwanangu, amefumbua macho!" Shangazi alikuwa analia na kucheka. "Radi amefumbua macho!"

Spana akashika ukuta. "Ameongea?"

"Neno moja tu. Anamtaja mumeo. Mshale, Mshale, anamwita huku machozi yanamtoka. Nimemwuliza amekufanya nini, hasemi. Analia tu."

Sauti ya shangazi ilikuwa kubwa, na simu ya Spana haikujua siri. Afande alisikia kila kitu.

"Umesikia mwenyewe," akamwambia Mshale. "Mtu anatoka kuzimu, jina la kwanza mdomoni ni la aliyempeleka."

 Mshale alikuwa anasikiliza uwanja.

"Mke wangu," akasema. "Gari liko wapi?"

Wote wakatega masikio. Uwanja ulikuwa kimya. Hapakuwa na mngurumo wala kikohozi.

Wakatimua mbio.

Walikuta gari limesimama katikati ya njia, mbali na jukwaa. Mkaguzi alikuwa ndani anazungusha ufunguo. Stata inalia, inalia, injini haitaki. Mama alikuwa amekwisha kutoka. Jinsi alivyojitoa peke yake kwenye ile mikanda hakuna ajuaye. Alikuwa amekaa chini kwenye lami, kofia ngumu bado kichwani, mkoba bado kifuani.

"Hakugusa kitu," alisema, akihema. "Nilimtazama mikono. Nilimtazama miguu. Lilikohoa, likakohoa, likafa. Lilikufa mikononi mwetu, na tulikuwa tunakwenda kasi, na kama kungekuwa na mtu nyuma yetu—"

Hakumaliza. Akainua macho, akamwona Mshale amesimama mbele yake na pingu zake, jasho linamtiririka.

"Baba," akamwita.

Tangu Mshale amwoe Spana, mama huyu hakuwahi kumwita baba. Alikuwa akimwita "huyu", na siku akifurahi sana, "mumeo". Mshale akapiga magoti kwenye lami, na mama akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, wakalia pamoja. Spana akainama akawakumbatia wote.

"Mama, Radi amefumbua macho," akamwambia sikioni.

Mama akapiga yowe la furaha.

Mkaguzi akakata lakiri. Akafungua kifuniko. Safari hii kila mtu alisikia: FYOOOO, ndefu, tanki likimeza hewa. Akarudi, akagusa ufunguo, injini ikawaka.

"Nakiri," akasema. "Nimekuwa nikilitibu bila kujua. Fundi, nitasema hivyo mbele ya chama, na wanicheke wakitaka."

Ungedhani hapo mambo yameisha. Spana alidhani hivyo. Akamnyooshea Afande mkono, kuomba ufunguo wa pingu.

Afande akatikisa kichwa.

"Taratibu. Gari linaumwa, nimekubali. Lakini nani kaliambukiza? Dereva anayejua gari lake litazima anaweza kupanga lizime mbele ya nani. Hicho kibomba kilijizibaje? Kikiwa kimeziba kwa matope, mume wako ni huru. Kikiwa kimezibwa na mtu, nataka kumjua huyo mtu. Mpaka hapo, pingu zinakaa zilipo."

"Ni matope," Spana akasema. "Utaona."

Wakalirudisha gari karakana, Spana akapiga jeki nyuma yake, akalala chali, akajisukuma chini. Mkaguzi alijaribu kumfuata, magoti yakakataa.

"Nipe tochi, nitammulikia mwanangu," akasema mama. Sasa alikuwa mtu mwingine kabisa, mwepesi, uso umemfunguka. Akalala kifudifudi kando ya gurudumu, kichwa na mkono chini ya gari, akammulikia binti yake. "Kibomba chenyewe ni kipi?"

"Hiki hapa chembamba, kinachoshuka nyuma ya tanki." Spana akaingiza plaizi yenye pua ndefu kwenye mdomo wa kibomba. Ikashika kitu. Matope hayashikiki na plaizi.

Akavuta. Kikagoma. Akavuta tena, kikatoka taratibu: kitambaa kilichosokotwa kama utambi, kimelowa grisi, kimeshindiliwa kwa nguvu.

Ni kazi ya mkono wa mtu.

"Ni tambara la karakana," Spana akanong'ona kwa hofu, kwa sababu tambara la karakana yao lingewarudisha wote kwa Mshale. Akakikunjua. Akakifuta kwenye ovaroli yake. Grisi ikatoka, ikaonekana rangi ya njano, njano kali, na ukingoni pindo lililoshonwa mara mbili kwa mkono.

Mwanga wa tochi ukaanza kutetemeka.

"Mama, shikilia vizuri."

Mama hakushikilia. Alikuwa anakitazama kile kitambaa.

"Hilo pindo nimelishona mimi," akasema kwa sauti ya chini sana.

"Unawashonea watu wengi, mama."

"Njano hii nimemshonea mmoja."

Spana akaelewa kabla mama hajamaliza, na alipoelewa alitamani lile gari lishuke kwenye jeki limfunike. Suruali ya njano. Ovaroli ya njano. Radi kwenye picha zote, Radi akipungia jukwaa, njano tupu.

"Asubuhi ya mashindano aliniletea suruali yake," mama akaendelea kunong'ona, maneno yanamtoka moja moja. "Mguu mmoja hauna pindo. Akasema imenaswa kwenye msumari. Nikamkunjia upya palepale, amesimama, ana haraka. Nikamwambia uangalie misumari, mwanangu. Akanibusu kichwani."

"Alitaka gari lizime tu," Spana akasema. Machozi yalikuwa yanamwingia masikioni. "Alitaka lizime mahali fulani huko, yeye apite, ashinde. Hakujua litazima mbele ya pua yake. Mama, ndiyo maana anamwita Mshale huku analia. Shangazi kapiga simu. Anamwita tangu alipofumbua macho."

"Anamwomba msamaha."

"Ndiyo."

Wakatazamana chini ya gari, mama na binti, kitambaa katikati yao. Kikitoka hapo, Mshale anakwenda nyumbani, na Afande anakwenda kusimama kando ya kitanda cha mgonjwa aliyefumbua macho sasa hivi. Kisipotoka, Radi anapona kwa amani, na Mshale anaoza jela kwa kosa ambalo hakulifanya.

"Mmepata kitu huko?" Mkaguzi akauliza kutoka juu.



"Siwezi kukificha, mama," Spana akanong'ona. "Nisamehe. Ni mume wangu. Hana kosa."

"Sijakuambia ukifiche." Mama akamshika kidole kimoja kimoja, akamfungua ngumi, akakichukua kile kitambaa. "Nimemtukana yule kijana mbele za watu, na hakuwa na kosa. Ananidai. Na yule mwingine nimemzaa mimi. Wote wangu."

"Mama, unataka kufanya nini?"

"Wewe ni fundi wa magari. Hili la nguo niachie mimi."

Akajiburuta nyuma. Spana alijaribu kumshika gauni, akalikosa. Alipotoka chini ya gari, mama alikuwa amekwisha kusimama mbele ya wanaume watatu, kofia ngumu kichwani, mkono umenyooshwa, kitambaa cha njano kwenye kiganja.

"Kilichoziba ni hiki," akasema. "Nimekiweka mimi."

"Mama?" Mshale akadhani hakusikia.

"Kitambaa ni changu. Uzi ni wangu. Pindo ni langu. Mleteni fundi cherehani yeyote alinganishe na kazi yangu."

Kila neno la hapo lilikuwa kweli.

"Lakini kwa nini?" Mkaguzi akauliza.

"Kwa nini? Mmekaa na mimi hapa kutwa nzima, hamkuwa mnanisikia? Sikumpenda mkwe wangu. Nilitaka aaibike, mwanangu ashinde. Sikujua mwanangu ndiye atakayeumia."

"Na bomba la kuziba ulilijuaje wewe, mama mtu mzima?"

"Binti yangu ni fundi. Nikienda kukaa karakana kwake unadhani nakuwa nafukuza nzi?" Akavuta pumzi, na sauti yake ikawa thabiti zaidi. "Haya, niulize na hili. Wataalamu wote mmekaa hapa, mmeshindwa. Nani aliyewaambia kwamba tanki linavuta kamasi? Ningejuaje kama si mimi niliyeliziba?"

Mkaguzi akamtazama Afande. Afande akakuna kidevu.

"Hilo nalo neno," akasema.

 Spana alitaka kupiga kelele kwamba mama yake hajui hata betri inakaa upande gani. Alitaka kuvunja kitu.

"Fundi," Afande akamgeukia. "Swali moja tu, na ulijibu vizuri. Siku ya kuamkia mashindano, mama yako aliingia karakana kwenu?"

Mshale akainua kichwa. Siku ile alikuwepo. Alikuwa anaifikiria, macho yanatembea, na Spana aliliona jibu likimpanda usoni: mgeni alikuwa mmoja tu siku ile, Radi, akasema amekuja wapatane, na Mshale kwa furaha akamwacha peke yake na gari, akaenda kumletea kiti.

"Afande," Mshale akaanza, "siku ile aliyekuja ni—"

"Mama," Spana akasema. "Aliyekuja ni mama."

Mshale akamtazama mkewe. Spana hakumtazama. Alikuwa anamtazama mama yake, na mama akaitikia kwa kichwa kidogo tu, kama anavyofanya mteja akitoka na nguo iliyomkaa sawasawa.

Afande akatoa ufunguo. Akamfungua Mshale mkono mmoja, halafu wa pili. Mshale akabaki amesimama, anajisugua vifundo vya mikono, huru, hana pa kwenda.

Pingu Afande hakuzirudisha kiunoni.